Nani Aliwaonyesha Ghuba?

Asubuhi yao ya mwisho ya kawaida, Mama Papa alianza kwa kumshuku muuza maziwa.

Aliinua glasi kwenye mwanga wa dirisha la jikoni, akaiinamisha huku na huku. Maziwa yalikimbia ukingoni haraka mno.

"Katia maji," alisema.

Mumewe, fundi wa injini za mashua, alikuwa kwenye kigoda anafunga viatu. "Si kawaida yake? Kunywa."

"Kawaida yake anatia kwa aibu. Leo katia kwa dharau."

"Basi mwambie."

"Nimwambie nini, na sina ushahidi? Nayaacha kwenye friji. Yakijitenga, nitakuwa na la kusema."

Fundi alicheka puani. Mwanamke alikuwa amestaafu, mvi zimemjaa kichwa kizima, na bado hakuna kitu kilichoingia nyumba ile bila kukaguliwa. Nyanya aliziminya. Balbu alizitikisa sikioni. Mgeni akisema amepita kusalimia tu, alimkaribisha vizuri sana, akamtengea kiti, kisha akakaa kusubiri aseme hasa kilichomleta.

Mama Papa akavaa viatu vyake vya plastiki, akachukua mkoba wa turubai wenye futi ya kupimia na kisu. Walikuwa wamempigia simu kutoka diko, pale mashua zinaposhushia samaki. Kuna samaki taa mkubwa amenaswa, walisema, ana madoa mgongoni wasiyoyajua, aje amtazame kabla hajakatwa.

"Usiumalize mkate," alisema mlangoni.

Fundi akaumaliza. Mchana mkewe alirudi ananuka samaki, akaitazama meza, akamtazama mumewe, akachemsha viazi. Kesho yake mkono wake wa kushoto haukunyanyuka. Wakampeleka hospitali, na huko hakutoka kwa miguu yake.

Kwenye mazishi walikuja watu wa ofisi aliyoifanyia kazi, kwenye magari safi. Mmoja wao akasoma hotuba. Alisoma shahada zake. Alisoma nchi alizoalikwa kwenda kuzungumza. Akasema madiko mengi leo yanalinda papa na taa kwa njia aliyoianza marehemu, na hilo lilikuwa kweli. Kisha akasema, "Jamii ya wavuvi ilimpokea kwa mikono miwili."

Nyuma kabisa mtu akacheka. Alikuwa Kidole, nahodha mzee asiye na kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Fundi akageuka, macho yao yakakutana, na Fundi akakohoa ili naye asicheke. Dada yake, aliyekaa ubavuni, akamfinya paja.

"Kaka, watu wanatutazama."

"Wamempokea wapi?" Fundi alinong'ona.

"Nyamaza. Mimi nilikuwepo."

Ghuba haikutajwa kwenye hotuba ile, kwa sababu aliyeiandika hakuijua. Wavuvi waliokuwa pale waliijua wote, na wote walifunga midomo, hata mbele ya kaburi. Hakuna aliyempokea Mama Papa kwa mkono mmoja wala miwili. Walimshuku mpaka wakachoka. Naye aliwashuku vilevile. Kazi yote ilitoka humo.

Alikuwa binti wa mshonaji, kitinda mimba. Alisoma mpaka chuo kikuu, akasomea viumbe wa baharini, na katika hao akachagua wale ambao wenzake hawakuwataka: papa, na taa, wale samaki bapa wenye mkia kama mjeledi. Wenzake waligombea kasa na pomboo. "Kasa ana sura ya kuhurumiwa," alikuwa akisema. "Papa nani atamlilia?"

Na Fundi walikutana kwa ugomvi. Msichana alileta injini ya boti ya chuo kwenye karakana, Fundi akabadilisha plagi. Alipokuja kuichukua alinyoosha mkono.

"Naomba ile ya zamani."

"Ya nini? Imekufa."

"Nataka nione imekufaje."

Fundi hakuwahi kudaiwa maiti ya plagi. Akaichakura kutoka kwenye ndoo ya vyuma chakavu, akampa. Msichana akaikwangua kwa ukucha, akainusa, akaifunga kwenye leso, akaondoka nayo. Baadaye akarudi, na injini haikuwa na tatizo lolote.

"Sasa umekuja kufanya nini?" Fundi akamuuliza.

"Kukuambia kwamba ulisema kweli."

Fundi hakujua kama amesifiwa au ametukanwa. Akamuoa.

Ofisi ilipompa kazi kwenye diko la nyumbani kwa mumewe, alidhani itakuwa rahisi. Ni mke wa mtu wa pale, ni wifi wa mtu wa pale. Siku ya kwanza alikaa na futi yake kwenye meza ya saruji wanapokatia samaki. Mashua zilizokuwa zinaingia zikamwona, zikageuza, zikaenda kushushia mbali.

Wengine walisema katumwa na serikali awapige marufuku. Wengine walisema ni jasusi wa wanunuzi. Mmoja aliapa kwamba anatafuta ini la papa akauze mafuta yake kisirisiri. Hata dada wa Fundi, muuza samaki ambaye sauti yake ilifika kabla yake, alimvuta pembeni.

"Wifi, mimi nakupenda. Lakini samaki wangu usinipimie."

"Kwa nini, wifi?"

"Samaki akishapimwa anapungua."

"Anapunguaje?"

"Mimi sijui. Lakini anapungua."

Mama Papa hakubishana. Alianza kuwanolea wakataji visu vyao, maana baba yake alimfundisha kunoa mikasi. Akasugua meza jioni. Matumbo waliyoyatupa akayaokota, akayapasua, akatazama papa amekula nini. Wakamzoea kama mtu anavyozoea jiwe lililo njiani. Hapo ndipo walipompa jina lile, na yeye akalipenda kuliko la shahada.

Kila papa aliyeletwa, aliuliza amevuliwa wapi. Kila mtu alimjibu vilevile: huko nje, kwenye maji makuu. Naye alisema ahsante. Lakini matumboni alikuta chaza wadogo wa matopeni, na majani ya baharini yanayoota kwenye maji ya magotini. Samaki hakutoka maji makuu.

"Leo wamenidanganya tena," alimwambia mumewe wakila.

"Utawaambia?"

"Thubutu! Wakijua kwamba najua, wataanza kudanganya vizuri."

Ikawa hivyo kwa miaka. Mpaka siku walipompasua papa jike, mnene, juu ya ile meza, na watoto wakateleza nje wakiwa hai. Walipiga mikia kwenye saruji. Mkataji aliinua kisu, akasimama nacho hewani. Dada wa Fundi alikuwa amekingia beseni, naye akaganda.

"Amewabeba karibu mwaka mzima," Mama Papa alisema. "Hawa ndio wote. Huyu si kolekole, hamwagi mayai kama mchanga."

"Kama sisi," alisema dada wa Fundi.

"Kama sisi."

Ndipo Kidole, bila mtu kumuuliza, akasema, "Wanakuja kuzalia ghubani."

Wenzake walimtazama kana kwamba amevua suruali.

Neno likishatoka halirudi mdomoni. Ghuba ilikuwa nyuma ya ulimi wa mawe, si mbali, maji yake kimya na majani chini. Majike walikuja humo msimu wa kuzaa, na mvuvi mwenye wavu wa matundu makubwa aliweza kujaza mashua bila kutoka jasho. Mama Papa hakuwaambia wafanye nini. Aliwaambia alichokiona kwenye matumbo, kisha akawaachia wagombane wenyewe. Waligombana vya kutosha. Mwisho wakakubaliana wao kwa wao: msimu wa kuzaa, hakuna wavu utakaoshushwa ghubani. Wakaunda kamati, wakamchagua dada wa Fundi kuwa mwenyekiti, kwa kuwa hakuwa nahodha na hakumwogopa nahodha yeyote.

Na sharti moja. Ghuba isitajwe kwa mtu wa nje, hata ofisini. Mama Papa akakubali. Mkubwa wake alipodai ramani ya mazalio, alimpelekea ramani nzuri, yenye kila kitu, isipokuwa mahali pale palikuwa peupe. Mkubwa akamshuku uvivu. Mama Papa akalimeza.

Misimu ikapita na makubaliano yakashika. Papa wadogo walianza kuonekana tena kwenye maji ya karibu, wembamba kama mikanda. Watu wakaanza kumwambia Mama Papa kweli, si kila siku, lakini mara nyingi.

Halafu asubuhi moja mashua ya Kidole ilirudi kabla ya wakati, injini inalia. Alikuwa amekwenda kuchungulia ghuba. Humo alikuta vichwa na mikia vinaelea. Kipande cha wavu kimenasa kwenye mawe, na ndani yake watoto wa papa, wamekauka macho. Mtu mwingine akasema aliona mashua ya kijani inakwenda zake, si ya hapa.

Mashua ya kijani. Watu wakageuka, wakaitazama karakana. Kabla tu ya msimu, mashua ile ilikuwa imepandishwa pale, imepinda propela.

Wakamwita Fundi. Alikuja na grisi mikononi.

"Ile ya kijani ulitengeneza wewe?" Kidole alimuuliza.

"Nilinyoosha propela."

"Na ulimi nao ulinyoosha?"

Watu wakacheka kicheko kibaya.

"Sikuwaambia kitu."

"Watu wanashinda kwako, wanakunywa chai yako, na hamzungumzi?"

"Mimi sizungumzi. Muulize mke wangu."

"Mkeo naye tunamtaka." Kidole akamgeukia Mama Papa. "Wewe mama, si ulipeleka ramani huko kwenu?"

"Yenye tundu. Mahali pale niliacha peupe."

"Na tundu hilo lilikuwa na umbo gani? Si umbo la ghuba?"

Mama Papa alifungua mdomo, akaufunga. Hakuwahi kukosa jibu pale diko. Watu wakaliona hilo, wakaliweka.

"Mwenyekiti ni dada yake," Kidole aliendelea, akihesabu kwa vidole alivyobaki navyo. "Fundi ni kaka. Daktari ni mke. Sisi tumejifungia bahari kwa faida ya nyumba moja."

"Kidole, chunga," alisema dada wa Fundi. "Hicho kingine utakipoteza leo, na safari hii hutasingizia papa."

Maana Kidole alikuwa akisema kidole chake kililiwa na papa, na watu wa rika lake walijua kilibanwa na mlango wa ghala la barafu. Watu walicheka, lakini hawakulainika. Wakaamua palepale. Mama Papa asikanyage diko mpaka mkutano. Mkutanoni ataje nani aliwaonyesha wageni ghuba. Akishindwa, makubaliano yamekufa, na kila mtu atashusha wavu anapotaka, msimu wowote.

Miaka yake yote ilikuwa imewekwa juu ya neno hilo moja: nani.

Jioni walikaa kula. Fundi alisikia kijiko cha mkewe kikigonga sahani, kisha kikaacha.

"Uliwaambia?" mkewe alimuuliza.

"Akina nani?"

"Unawajua."

"Na wewe?"

"Nauliza tu."

"Wewe hujawahi kuuliza tu, tangu nikujue."

Fundi alichukua mto, akaenda kulala karakana, kwenye godoro la boti alilokunja. Alikuwa na hasira ya mtu asiye na kosa, ambayo haina pa kwenda. Kisha shaka ikamwingia yeye pia. Kwani ramani ile aliiona? Hakuiona. Mwanamke alipenda ofisi yake. Huenda mkubwa alimbana. Huenda alisema kidogo tu, kwa nia njema. Fundi alilala akiyageuza hayo, na kila alipoyageuza yalimtazama.

Siku zilipita hivyo. Wateja walikuja wakiwa wachache, na waliokuja walisimama karibu na injini zao wakati anazifungua, kama watu wanaochungulia sufuria ya jirani. Hakuna aliyemwomba plagi ya zamani. Walikuwa hawataki kujua, walikuwa wanataka kushuku tu.

Dada yake alimletea chakula kwenye kontena.

"Mkeo kasema ule."

"Ameonja yeye?"

"Kwa nini?"

"Asije akawa katia kitu."

"Kaka, yule angetaka kukuua, angekupima kwanza."

Fundi akala. Dada yake akakaa kwenye tairi, akamtazama.

"Ni wewe?" alimuuliza.

"Dada!"

"Nimeuliza ili nikilala nilale. Ni wewe?"

"Si mimi."

"Na yeye?"

Fundi akafunika kontena. Dada yake akachukua kontena, akaondoka bila kuaga.

Mama Papa, kwa kukosa kazi, alifua. Alifua mapazia, vifuniko vya viti, mpaka magunia. Nyumba yao ilikuwa na paa la zege lenye tangi la maji, na huko juu ndiko alikoanika. Asubuhi moja alikuwa kule juu na vibanio mdomoni, mashua zinatoka. Alikuwa ameziona kila asubuhi ya kazi yake, lakini kutoka chini, kutoka diko. Kutoka juu hakuwahi kukaa akazitazama mpaka mwisho.

Aliacha shuka likining'inia kwa kibanio kimoja.

Fundi alimwona akiingia karakana na beseni kwapani, nguo zinachuruzika. Kulikuwa na mteja, injini yake imefunguliwa. Mama Papa hakumsubiri aondoke. Alisimama katikati, akasema kwa sauti ambayo mteja na jirani wa mteja waliisikia.

"Fundi, nilikushuku. Nimekosea. Sasa panda juu, kuna kitu."

Fundi alishika spana. Alikuwa ameandaa maneno mengi ya kumwambia siku atakapokuja, na yote yakampotea.

"Grisi hii," alisema.

"Panda nayo."

Dada wa Fundi akaitwa. Na Kidole akaitwa, yeye kwanza alikataa, kisha akaja kwa sababu hakutaka kuwa mtu pekee asiyejua. Alipanda ngazi akihema, akakuta kiti amewekewa. Akakitazama kiti, akasimama.

"Kesho asubuhi mashua yako haitoki," Mama Papa alimwambia. "Utakaa hapa nasi."

"Unanifunga?"

"Nakupumzisha."

Kesho yake wakakaa wanne juu ya paa, kati ya mashuka. Mashua zikaanza kutoka. Zilikwenda kwa mstari mmoja, moja nyuma ya nyingine, zimenyooka. Zilipofika kwenye ulimi wa mawe, ya kwanza ikapinda kwenda nje. Ikachora upinde mkubwa, kisha ikarudi kwenye mstari wake. Ya pili nayo. Ya tatu nayo. Hakuna iliyokosea. Katikati ya upinde ule maji yalibaki safi, hayana hata alama ya mkia wa mashua moja.

"Umeona?" Mama Papa aliuliza.

"Nimeona nini?" alisema Kidole. "Tunazunguka ghuba. Ndivyo tulivyoahidi."

"Mliahidi kutoshusha wavu. Kupita mlikatazwa na nani?"

Kidole akafikiri. "Hakuna."

"Zamani mlipita wapi?"

"Katikati. Ndiyo njia fupi."

"Sasa kwa nini mnazunguka? Mnachoma petroli ya bure."

Kidole alitazama mikono yake. Mashua ya nne ilikuwa inapinda, na ilikuwa ya mdogo wake.

"Ukipita na wavu ndani ya mashua," alisema polepole, "watu watasema umeushusha."

"Kila mmoja aliogopa kushukiwa na mwenzake."

"Ndiyo."

"Sasa wewe ni mgeni. Una mashua ya kijani. Umetia nanga pale nje unavua zako. Asubuhi unaona nini?"

Dada wa Fundi ndiye aliyejibu, na sauti yake mara hii ilikuwa ndogo.

"Tumewawekea kibao."

Fundi akaelewa. Hakuna aliyewaambia wageni. Hakuna mdomo uliofunguka. Waliificha ghuba vizuri mno, mpaka wakaionyesha.

"Na ramani yako nayo," alisema Kidole, ambaye hakupenda kushindwa peke yake.

"Na ramani yangu nayo. Kosa letu ni moja. Ulinikamata na tundu langu, ndiyo maana nimeliona lenu."

Kidole akakaa kwenye kile kiti.

Mkutanoni alisimama yeye kueleza, na hilo liliwashangaza watu. Wengine hawakuamini wakapelekwa juu ya paa kwa zamu, wakarudi wamenyamaza. Likabaki swali la kufanya nini, na Mama Papa akasema jambo fupi. Wapite katikati. Kila asubuhi, msimu wa kuzaa na msimu mwingine, mashua zinyooke moja kwa moja ndani ya ghuba na zitokee upande wa pili, wavu ukiwa ndani, usiguse maji, ili ghuba ionekane kama maji mengine.

Mkutano ukalipuka.

"Juu ya vichwa vya watoto wa papa?"

"Injini itawakata!"

"Mpite polepole," Mama Papa alisema. "Mashua inayopita haiwaui. Wavu ndio unaowaua."

"Na mtu akishusha wavu mle, nyuma ya mawe, nani atamwona?"

"Hakuna."

"Nani atajua?"

"Hakuna."

Wakaanza kutoa mawazo. Mmoja alitaka nyavu zifungwe kwa lakiri. Mwingine alitaka mlinzi akae kwenye mawe. Wa tatu akasema Mama Papa mwenyewe apande kila mashua, na mke wa msemaji akamwambia angempandisha Mama Papa hata kitandani kwao kama angeachiwa kupanga. Kila aliyependekeza mlinzi, mwenzake alimshuku mlinzi. Mwisho walichoka. Dada wa Fundi akasema wanaokubali wasimame. Wengine walisimama mara moja. Wengine walisimama walipoona waliokaa ni wachache na wanatazamwa.

"Atakayeanza ni Kidole," alisema mwenyekiti.

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu ulipiga kelele kuliko wote."

"Hiyo ni sababu?"

"Ndiyo niliyonayo."

Asubuhi iliyofuata diko zima lilipanda kwenye mteremko wa nyuma ya karakana. Wanawake wa samaki na mabeseni matupu, manahodha na mikono kifuani. Hakuna aliyekuja kumtakia heri. Walikuja kumkamata. Wavu wa Kidole ulikuwa umerundikwa mbele ya mashua, mkubwa, kila mtu anauona. Alikuwa na watoto wa kulisha, na nyuma ya mawe yale kulikuwa na samaki wa kumtosha. Akishusha wavu, makubaliano yamekufa leo. Asiposhusha na watu wakasema ameshusha, yamekufa vilevile.

Fundi alisimama karibu na mkewe. Hawakuwa wameongea sana tangu mto wake urudi nyumbani, lakini bega lake liligusa la mkewe na hakuna aliyesogea.

Mashua ikanyooka. Ikafika kwenye ulimi wa mawe, mahali pa kupinda, na haikupinda. Mtu akavuta pumzi. Ikaingia. Kwanza pua, kisha wavu, kisha mgongo wa Kidole na kofia yake. Mawe yakamficha.

Sauti ya injini ilishuka, ikawa ya polepole. Watu wote wakanyoosha shingo kutazama upande wa pili, pale atakapotokea. Wengine walianza kunong'ona kwamba amekawia. Fundi naye aliweka kiganja juu ya macho, asikose.

Alipogeuka kumwambia mkewe kitu, hakuwa ubavuni. Alikuwa ameshaipa bahari mgongo, anateremka kwenye njia ya nyumbani, anainua gauni lisiguse mawe.

"Mama!" Fundi alimwita. "Hata hajatoka! Hungojei uone?"

Alisimama, lakini hakugeuza kichwa.

"Twende nyumbani, baba," alisema. "Nikikaa hapa mpaka atoke nitakuwa namlinda, na mimi nilisomea samaki, sikusomea polisi."